Tandu wa Miguu Arobaini
Maribor, 1984

Shangazi yetu Milojka, Graz ametoka kwa treni,
Nywele kichwani kasuka, fundo kubwa kisogoni,
Afisa akamcheka, “Mama, una nini ndani?”
“Sabuni, na kikapuni kahawa na soksi mbili.”

Fundoni mle mwa nywele, kijidude kimo ndani,
Cheusi, tandu mpole, miguu arobaini,
Kwa sahani teletele kakilipia jikoni;
Hata leo, vidoleni, ana harufu ya siki.

Sheria ya siku zile: kompyuta nzima hupati,
Bei ikipanda mbele, forodhani haipiti,
Lakini kiungo kile chafichwa hata kwa koti.
Gazeti likawa cheti, lenye mchoro wa nyaya.

Kaka yangu, jina Rajko, kumi na sita umri,
Akaketi penye jiko, kaunga nyaya kwa ari,
Mama kapigia mwiko moshi ule wa hatari,
Naye kaka kasubiri mama alale, aanze.

Kazi yangu ni kurunzi, kumulika kila tundu,
Mkono ukafa ganzi, macho yakawa mekundu,
Mara, kama mfinyanzi, kaka akamweka tandu
polepole, bandu bandu, hata usiku wa saba.

Kasha lake, la biskuti, lina picha ya theluji,
Vibonye havikuketi, herufi moja haiji,
Kengele toka kwa geti ikapewa uimbaji;
Kwa jicho la mchekaji, lilibaki kopo tupu.

Runinga ilipowaka, kwa woga akaja mama,
Kimraba kikaruka, kikazima, kikahema,
Kila alichoandika kilifutwa akizima:
Kumbukumbu ya mtama, kibaba kimoja, basi.

Prosesa: ndiyo na siyo, huzipanga nane nane,
Sawa na mizani hiyo ya ukwapi, uione,
Anwani itafutwayo ni nane juu ya nane.
Mshairi, usinune: mashine yaghani pia.

Zvonko ana ya dukani, aliyotuma mjomba,
Kijisanduku tumboni na fimbo yake nyembamba,
Tenisi, meli angani, na risasi za kuimba,
Lakini ni kama nyumba ya kupanga: hutoboi.

Jumamosi, saa nne, redio ikatangaza:
“Vijana, msigombane, mchezo tunaupaza.”
Ikalia, usinene, mlio wa kuumiza;
Bibi kando akawaza: redio yaumwa tumbo.

Twarekodi, kumbe huko, mlimani kwa Pohorje,
Radi ikatoa cheko, mvua inanyesha nje,
Sekunde moja, mwanguko, . . . . . . . .
Ikarudi. “Tufanyeje?” Rajko kanyanyua bega.

Kijitu, kofia pana, hupanda, ngazi ni tele,
Kwa wenzetu, hugongana na ukuta, afe pale,
Wetu, ukuta hapana! Akapita kwenda mbele,
Akaibukia kule, upande usiochorwa.

Mtaa ukahamia, watoto wa ghorofani,
Jelka, Zvonko, Stanko pia, viatu tele ngazini,
Wote wakatulilia wapewe ile ya shani:
Nakala safi ya nini, isiyovuka ukuta?

Shangazi naye katua, na mkoba wa safari,
Kijitu kamtambua anavyopita kwa siri,
Nywele akazifumua, akacheka kwa fahari:
“Huyu kapita vizuri, hakuulizwa kahawa.”

Miaka imekatika, na nchi haipo tena,
Mpaka ukafutika, wa kusini ukabana,
Rajko kazi alishika ya lifti zikikwamana,
Utajiri hakuvuna, alivuna usikivu.

Juzi darini kwa mama, kopo nililifungua,
Tandu bado kainama, kutu imemchukua,
Kaseti ikanguruma, nyigu wakajifufua,
Kisha radi. Nikajua ni pale pale. Sekunde

moja, isiyo sauti, ambamo mtu hupita.